Kimeta, Sverdlovsk na lile swali la "wanatengenezaje?"

Asanteni, kaeni, wale mlioko mlangoni ingieni jamani, viti vipo huku mbele. Kabla sijaingia humu kijana mmoja kanisimamisha pale nje akaniuliza, mwalimu, hivi hizi silaha za vijidudu wanazitengenezaje? Nikamwambia hilo sitakujibu, nikaona kanyong'onyea, nadhani kahisi nimemwona mtu mbaya. Sijakuona mbaya mdogo wangu. Udadisi huo hata mimi ninao, ndo maana naomba tuanzie hapohapo.

Nikiwa darasa la nne ng'ombe wa jirani alikutwa amekufa asubuhi, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Sisi watoto tukataka kuona ndani kuna nini, mwenzetu mmoja kashashika kisu kabisa, babu akatupigia ukelele ambao mpaka leo nausikia, msimguse! Mzee hakusoma, lakini kimeta alikijua, alijua mnyama wa hivyo hapasuliwi wala haliwi, anachimbiwa shimo refu anafukiwa vilevile alivyo. Chuoni ndo nikaja kuelewa kwamba vimelea vya kimeta vikitoka nje vinajigeuza kama mbegu ngumu, na mbegu hizo zinakaa udongoni miaka na miaka.

Sasa ugonjwa huohuo tuliofukuzwa nao, kuna watu wenye digrii zao walikaa wakauliza, je tukiugeuza silaha? Waingereza waliujaribu kwa kondoo mwaka 1942 kwenye kisiwa cha Gruinard kule Scotland, na kisiwa hicho hakikutangazwa salama mpaka 1990. Jaribio la vita moja, kizazi kizima watu hawakanyagi.

Ila kisa ninachotaka mkishike ni cha Sverdlovsk, mji wa Urusi ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Mwaka 1972 Umoja wa Kisovyeti ulisaini mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi, halafu kwa siri ukaendelea kuzitengeneza kwa kiwango kikubwa kuliko mwanzo. Aprili 1979 kimeta kikavuja kutoka kwenye kambi ya jeshi pale mjini. Ken Alibek, aliyekuwa kigogo wa programu hiyo kabla ya kuhamia Marekani, anasimulia kwamba filta ya kuchuja hewa inayotoka nje ilitolewa kwa sababu imeziba, aliyeitoa akaacha kikaratasi, haikuandikwa kwenye daftari, zamu iliyofuata wakawasha mitambo. Filta tu! Watu wasiopungua 66 wakafa, na wengi hawakujua hata kama jirani yao kuna kitu kama hicho. Serikali ikasema wamekula nyama mbovu, na uongo huo uliaminika maana kweli kimeta kinapatikana kwa nyama, sisi wafugaji tunajua.

Hapo ndo anaingia mama mmoja, Faina Abramova, daktari wa patholojia. Anapasua maiti anakuta utando wa ubongo umejaa damu, mwekundu kama kofia ya kadinali, na tezi za kifuani zimeharibika. Nyama iliyoliwa inapita tumboni, sasa kifuani kumefikaje? Yeye na mwenzake Lev Grinberg wakaendelea kuuliza. KGB, yaani usalama wa taifa wa Kisovyeti, wakaja wakachukua mafaili ya hospitali, lakini wale wawili walishaficha sampuli na maandishi yao, wakavitunza zaidi ya miaka 10, mpaka 1993 wakachapisha matokeo ya maiti 42: watu hawa walivuta kimeta kwa pumzi. Na huo nao ni udadisi, tena ungeweza kuwafunga.

Mwaka 1992 Boris Yeltsin, rais wa Urusi wakati huo, ambaye wakati wa tukio ndiye alikuwa mkuu wa chama cha Kikomunisti mkoani humo, alikiri kwamba chanzo kilikuwa jeshi. Mwaka huohuo timu ya mwanabiolojia Matthew Meselson kutoka Marekani ikafika, na mwanasosholojia Jeanne Guillemin akawa anaenda nyumba kwa nyumba kwa wafiwa, anauliza, marehemu alikuwa wapi mchana ule wa Jumatatu? Alifanya kazi wapi? Wakaweka majibu kwenye ramani, ikatokea njia nyembamba ya kama kilomita 4 kutoka kambini kwenda kusini, ndani yake kuna kiwanda cha kauri ambacho kilipoteza wafanyakazi wengi, na mbele zaidi vijiji ambako kondoo na ng'ombe walikufa, kwa mstari uleule. Wakalinganisha na upepo wa tarehe 2 Aprili, ukakubali.

Kwa hiyo mdogo wangu, mimi sikukatazi kuuliza. Swali la "wanatengenezaje" nalikataa kwa sababu jibu lake halina mgonjwa linayemponya, na likishatoka halirudi. Swali la Guillemin, marehemu alikuwa wapi, hilo uliza hadi wakuchoke. Kama bado upo humu ukumbini nisubiri tukimaliza, ile ramani ninayo kwenye simu, nikuonyeshe kambi ilipo na kile kiwanda kilipo.