Kunguru na Sabuni ya Seif

RAHMA: Assalaam alaykum wasikilizaji. Mniwie radhi, sauti imenikauka. Jumanne nilipiga kelele kwenye mkutano wa sheha, kiongozi wa mtaa wetu hapa Unguja.

SEIF: Wewe kupiga kelele nayo ni habari?

RAHMA: Tumeitwa kutoa maoni juu ya barabara ya ndani. Nafika, bikoni za mpimaji, zile alama za mipaka, zishazikwa, na ule mzambarau wa bondeni una X nyekundu. Rangi mbichi, nimegusa imenishika kidole! Sasa maoni ya nini?

SEIF: Ya chai na maandazi.

RAHMA: Chai yenyewe haikuwepo. Nikauliza, pale masika maji yanatuama, vyura hatulali, asubuhi yangeyange wanashuka. Kabla hamjachora, mlikwenda kuangalia? Mpimaji ananambia, "Mama, mti tutapanda mwengine."

SEIF: Kijana ana adabu zake. Mie wiki hii nimeibiwa na ndege, sijaitisha mkutano.

RAHMA: Ndege gani?

SEIF: Kunguru. Niko uani naoga, sabuni nimeiweka juu ya ukuta, uso mzima povu. Nasikia kwaa! Nafumbua jicho moja, huyoo kashaondoka nayo. Natoka kumfukuza, nakutana na jirani. Wiki nzima mtaani naulizwa, "Seif, ushajisuuza?"

RAHMA: (anacheka) Ushajisuuza?

SEIF: Na wewe!

RAHMA: Basi mgeni wako huyo kaletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, ale taka za mji. Aliyemleta aliona taka, hakuona viota. Mayai anakula, makinda ya ndege wadogo anakula. Miaka ya 1990 wakauliwa kwa maelfu, na bado wapo.

SEIF: Wanakoga kwa sabuni yangu.

RAHMA: Yakhe, nasema kweli.

SEIF: Na umejifunga mwenyewe. Wale walikaa wakapanga, wakaleta kiumbe hai kwa mpango wa mji. Huko kupanga mapema unakokutaka ndiko kumenipotezea sabuni.

RAHMA: Mie nataka waulize mapema, nani ashaishi hapa? Tazama msitu wa Jozani. Ilitangulia lami, kima punju wakagongwa, mnyama ambaye kwao ni Unguja tu, ndipo yakaja matuta. Yangechorwa pamoja na lami, ingepungua nini?

SEIF: Jozani nakupa, ule msitu. Lakini mtaani? Mwanangu anataka kuoa, anakaa chumba cha kodi. Nimwambie asubiri chura ahame?

RAHMA: Hasubiri mtu. Mchoro ukiwa karatasini, kuusogeza mstari hatua kumi ni kazi ya kifutio. Zege likishamwagwa, andika barua mpaka uchoke.

SEIF: Hatua kumi ni uwa wa mtu. Wa nani? Maana wako uko upande wa pili.

RAHMA: Hata ungekuwa wangu.

SEIF: Si wako.

RAHMA: ...Na maji? Ukilifukia bonde, yatakuja kukugongea mlango.

SEIF: Utachimbwa mtaro.

RAHMA: Unaokwenda wapi?

SEIF: Rahma, pale Darajani bahari ilikuwa inaingia, ndiyo maana pakawa na daraja, na huku kukaitwa Ng'ambo. Pakafukiwa. Leo nani anaililia ile pwani? Tunapita na vikapu vyetu tunanunua samaki.

RAHMA: Haililiwi kwa sababu waliokuwa wakiijua washakufa.

SEIF: Ndiyo dunia. Watu kwanza.

RAHMA: Kwani mie nimesema watu mwisho?

SEIF: Hujasema. Lakini mkutanoni umepiga kelele kwa ajili ya mzambarau, kwa ajili ya vijana wa kodi hukupiga.

RAHMA: Hilo sikulitegemea kwako.

SEIF: Basi nimelisema.

RAHMA: Na mie sikubali.

SEIF: Hujalazimishwa.

(kimya)

RAHMA: Fundi ananionesha vidole viwili. Dakika mbili! Na tuliwaahidi watu mambo matatu ya kumuuliza mpimaji kabla hajapiga bikoni.

SEIF: La kwanza?

RAHMA: La kwanza, mwambie aje masika. Asije kiangazi, bonde limekauka, akaandika "kiwanja tupu". La pili...

SEIF: Adhana hiyo.

RAHMA: Haya, tena wiki ijayo. Mzambarau wenyewe sijui kama utatungoja.

SEIF: Fundi, funga dirisha. Yuko juu ya dishi, anaitazama simu yangu.