Kuiingiza IPv4 ndani ya IPv6 kwa mkono

Habari zenu watazamaji. Niko Mwanga, Kigoma; mkisikia bodaboda nyuma yangu vumilieni, dirisha nikilifunga hapakaliki kwa joto. Leo tunachukua anwani ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, na kuiingiza ndani ya IPv6, mfumo mpya. Shikeni kalamu.

Andika 203.0.113.45. Hii imetengwa kwa mifano tu, hatumsumbui mtu. Ina biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1. IPv6 ina 128, kwa hiyo nafasi ipo tele. Yetu itakaa mwisho kabisa.

Sasa kila namba igawanye kwa 16. 203 inatoa 12, inabaki 11. Kwenye heksadesimali, yaani namba za kizio cha 16, 10 ni a, 11 ni b, 12 ni c, kwa hiyo tunapata cb. Sifuri andika 00, usiifupishe bado. 113 inatoa 7, baki 1: 71. 45 inatoa 2, baki 13, yaani d: 2d. Ziunganishe mbilimbili: cb00:712d. Kazi ngumu imekwisha.

Kilichobaki ni kiambishi cha mbele. Kama mtandao wako ni wa IPv6 tupu na unaifuata seva ya IPv4 kupitia NAT64, yaani mtafsiri kati ya IPv6 na IPv4, tanguliza 64:ff9b::, upate 64:ff9b::cb00:712d. Zile nukta pacha mbili zinasimamia sifuri zote za katikati.

Utakutana pia na ::ffff:203.0.113.45, hasa kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za waliounganika nayo. Watu hushtuka bure, wakidhani wameingiliwa. Ni mgeni wa IPv4 aliyepokelewa na programu inayosikiliza kwa soketi (mlango wa mawasiliano) ya IPv6, basi. Ila angalia: kama programu yako inazuia watu kwa kulinganisha maandishi, zuio la 203.0.113.45 halitamnasa. Ondoa ::ffff: kwanza, ndipo ulinganishe.

Ile ya zamani, ::203.0.113.45, ilistaafishwa mwaka 2006. Ukiikuta kwenye kitini, ipite.

Na 192.168.1.1 ya ruta yako usiitangulizie 64:ff9b::. Kiambishi hicho ni cha anwani za intaneti ya wote. Za ndani zitafutie kiambishi cha mtandao wako mwenyewe. Kikiwa cha biti 96, hesabu ni ileile. Kikiwa cha 48, IPv4 inakatwa katikati, biti 16 huku na 16 kule, kwa sababu biti ya 64 hadi 71 lazima ziwe sifuri. Huo mkato tutauchora video ijayo.