Gari lisilo na dereva likifika Amani, mwenyewe atakuwa nani?

Ndugu zangu wa Tanga, inasemwa sana kwamba magari yanayojiendesha yakija hakuna atakayenunua gari tena: unaita kwa simu, linakuja. Kwa Ngamiani, mjini Tanga, nakubali. Abiria akishuka, mwingine yuko mtaa wa pili. Gari halitembei tupu hata kilomita moja.

Sasa twendeni Amani, kule juu milimani. Kutoka Muheza ni kama kilomita 30 na ushee, za kupanda mlima. Tuseme magari yanalala Muheza, na mgonjwa huko juu anataka kufikishwa zahanati, kilomita 4. Gari litapanda 30 tupu, litambeba 4, litashuka 30 tupu. Kilomita 64, za kulipiwa 4! Na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mgonjwa amesubiri saa nzima. Kumwondoa dereva kunaokoa posho yake tu. Matairi, bushi na shokapu vinalika vilevile.

Kwa hiyo lazima gari lilale kijijini, na likilala huko lina mwenyewe. Kaya moja haitalimudu likikaa limeegeshwa kutwa, ila chama cha ushirika kinaweza. Safari zipangwe tangu jana yake: wanafunzi alfajiri, kliniki asubuhi, magunia ya iliki na mdalasini mchana.

Kuna ugumu wa njia. Kampuni ya Waymo iliwafungulia watu wote magari yasiyo na dereva kule Phoenix, Marekani, mwaka 2020: mji mkavu, barabara pana zenye mistari, ramani ya kina imeandaliwa kabla. Njia ya Amani mvua moja inaichimba makorongo, na ramani ya jana haifai tena. Tope likiziba kamera, gari litasimama, na ni heri lisimame. Vumbi zito nalo hurudisha mwanga wa leza ambao gari hutumia kupima kilicho mbele, gari likadhani kuna kitu mbele na kufunga breki. Mhudumu anayeliongoza kutoka mbali kwa mtandao angelisaidia, lakini mtandao ukikatika bondeni hana la kufanya.

Ndiyo maana chama kiajiri mtu wa hapohapo wa kufuta kamera na vihisi kila asubuhi kwa maji safi na kitambaa laini, na wa kuliendesha kwa mkono likikwama. Vijana wa bodaboda wanaijua njia hiyo kuliko ramani yoyote, wafikiriwe kwanza. Na kabla ya kusaini mkataba wa gari, viongozi wasome kifungu cha programu, yaani ile ya kompyuta inayoliendesha: nani anailipia kila mwaka, na gari litatembeaje siku mtengenezaji akiacha kuihudumia.