Green Day na mlango wa Mtaa wa Gilman

Habari za jioni, ndugu zangu. Gitaa mnaliona, lakini msitarajie makubwa. Nitaligusa mara moja tu.

Leo nawasimulia Green Day, bendi ya pop-panki ya Marekani. Nianze na neno lenyewe. Ukimtajia kijana wa Dar es Salaam "panki", atajishika kichwa, maana kwake huo ni mtindo wa kunyoa. Mimi nasema panki ya muziki: kodi tatu, za gitaa si za serikali (yaani nyuzi kadhaa zikilia pamoja), mwendo wa mbio, na wimbo umekwisha kabla chai haijapoa. Ukiutilia melodi inayokung'ang'ania siku nzima, hiyo ndiyo pop-panki.

Sasa twende Berkeley, California, namba 924 Mtaa wa Gilman. Kuna ukumbi pale uliofunguliwa usiku wa kuamkia 1987, unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Sheria zake zimeandikwa wazi ukutani: pombe hapana, dawa za kulevya hapana, vurugu hapana, ubaguzi hapana. Na ipo nyingine iliyokuja kuleta kasheshe: bendi iliyosaini na kampuni kubwa ya kurekodi haipandi jukwaa lile.

Humo ndimo walimokulia Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa wa Green Day, na Mike Dirnt, mpiga besi. Armstrong ni mtoto wa Rodeo, mji mdogo wenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Baba yake alikuwa dereva wa lori aliyepiga pia jazi. Saratani ilimchukua Septemba 1982, mtoto akiwa na miaka 10. Mama alikuwa mhudumu wa mkahawa, na onyesho la kwanza la vijana hawa, 1987, lilifanyika mkahawani hapohapo alipokuwa akifanya kazi. Wakati huo waliitwa Sweet Children.

Larry Livermore, mwenye kampuni ndogo ya kurekodi iitwayo Lookout, aliwaona kwenye sherehe ya wanafunzi huko milimani. Umeme wa jenereta, mwanga wa mishumaa, wasikilizaji hawazidi watano. Vijana wakapiga kana kwamba uwanja mzima umefurika. Livermore akaamua palepale kuwarekodi. Baadaye Tré Cool, mpiga ngoma wa bendi ya Livermore mwenyewe, akahamia kwao, na utatu ukakamilika.

Mwaka 1993 wakasaini na Reprise, tawi la Warner, kampuni kubwa hasa. Februari 1994 ikatoka albamu yao Dookie (neno la kitoto la kinyesi, na wazee mliokaa mbele mnisamehe). Marekani pekee imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Agosti mwaka huo, kwenye tamasha la Woodstock, mvua ilinyesha, watazamaji wakawarushia matope, nao wakayarudisha. Katika purukushani hiyo mlinzi alidhani Dirnt ni shabiki aliyevamia jukwaa, akamkumba, meno yakaumia.

Sikilizeni hapa. Kiganja cha kulia nakilaza juu ya nyuzi, karibu kabisa na zinapofungiwa, kisha napiga kwenda chini tu. Mnasikia? Sauti inakuwa fupi, imezibwa, kama mtu anayeongea amebana meno. "Basket Case" inaanza hivyo: gitaa lililozibwa na mtu mmoja anayelalamika kwamba huenda anarukwa na akili. Ngoma na besi zinamsubiri kwanza. Armstrong alikuwa akisumbuliwa na mashambulizi ya hofu, na mkono huu unayaeleza kuliko maneno yake. Nikiondoa kiganja, kifua kinafunguka. Kodi zenyewe ni jamaa wa karibu wa Kanoni ya Pachelbel, ile ya harusini.

Haya, na Gilman? Gilman ikawafungia mlango. Dookie ilirekodiwa Berkeley, mji uleule, lakini ukumbi uliowalea haukuwapokea tena. Kwenye Insomniac ya 1995, albamu ambayo naona imeonewa sana na wachambuzi, wameweka wimbo "86" kuhusu kufukuzwa huko. Watu huniuliza nani alikosea. Kwangu hakuna. Sheria ilikuwa ukutani, na vijana walikuwa wakijua kuisoma. Tena melodi hazikuja na hela za Warner. Sikilizeni Kerplunk, albamu iliyotangulia Dookie, mtazikuta zote humo.

Miaka ya mwishoni mwa tisini nairuka. Mwaka 2003 kanda za albamu waliyokuwa wakiimalizia ziliibwa. Mtayarishaji wao, Rob Cavallo, akawauliza kama kweli ile ndiyo kazi bora waliyoweza. Wakakiri siyo, wakaanza upya. Ikazaliwa American Idiot, 2004, Marekani ikiwa vitani Iraq. Watoto wa kodi tatu wakaingiza humo wimbo wa zaidi ya dakika tisa! Ikapata tuzo ya Grammy, na mwaka 2010 ikafika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, kama tamthilia ya muziki.

Aprili 2015 waliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll, mwaka wao wa kwanza kustahiki. Suti, hotuba, kamera. Mwezi mmoja baadaye, Mei, Green Day walikuwa tena namba 924, wakipiga kuchangia wachapishaji wa vitabu walioathiriwa na moto huko Oakland. Sheria ya kampuni kubwa iliwekwa kando kwa usiku mmoja. Haikufutwa.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada, uliza.