Visiwa vya dubu ambavyo binadamu hashuki

Haya jamani tuanze, mliosimama huko nyuma viti vipo hapa mbele, njooni tu, siumi.

Leo tunaenda mahali ambapo hata uwe na hela na viza hutapakanyaga. Panaitwa Kong Karls Land, visiwa vya Norway, upande wa mashariki wa Svalbard, lile kundi la visiwa la kule kwenye barafu ya kaskazini, karibu kabisa na nyuzi 79 kaskazini mwa ikweta. Ni visiwa vitano, ukivijumlisha kama kilomita za mraba 342 hivi, kikubwa ni Kongsøya kinafuata Svenskøya, vilivyobaki vidogo vidogo. Hakai mtu.

Mti hakuna hata mmoja, ila ufukweni magogo kibao! Yanatoka Siberia, mito inayamwaga baharini, yananasa kwenye barafu na barafu inasafiri nayo. Sasa mengine unayakuta juu huko mbali na maji, unajiuliza nani kayapandisha. Hakuna aliyeyapandisha, zamani barafu nzito iliikalia ile ardhi ikaididimiza, ilipoyeyuka ardhi ikaanza kuinuka pole pole kama godoro ukishatoka kitandani, na magogo yake juu. Mimi hapo ndo napapenda kuliko hata dubu, lakini najua nyie mmefuata dubu.

Basi dubu, hawa weupe wa barafuni. Jike mwenye mimba anatafuta theluji iliyorundikana kwenye mteremko, anachimba shimo, anaingia, upepo unamfunikia mlango. Anazaa humo katikati ya baridi na giza, mara nyingi mapacha, na kitoto ni kama nusu kilo tu, yaani kama pakiti ya unga wa uji! Miezi yote hiyo mama hali kitu, ananyonyesha kwa mafuta ya mwili wake, wanatoka Machi au Aprili. Na Kongsøya ina mashimo hayo kwa wingi kweli kweli.

Ndo maana kuwinda dubu pale kulipigwa marufuku tangu 1939, halafu 1985 wakafunga kabisa, hushuki bila kibali maalum, meli ikae mita 500 kutoka ufukweni, hata ndege isipite chini ya mita 500.

Juzi mtu akaniambia, si basi dubu wako salama. Aa wapi. Jike anafika pale vuli kwa kutembea juu ya bahari iliyoganda, na siku hizi bahari inachelewa kuganda, mwaka ikichelewa sana wanaofika ni wachache, na yule aliyekosa njia inabidi akazalie kwingine. Mashimo ya mwaka huo unayahesabu haraka unamaliza.

Haya, maswali. Dada pale mwenye mtandio wa kijani.