Nyumba ya Ngamiani: Sanduku la Karatasi na Fomu za Mahakama

REHEMA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni. Mimi Rehema, wakili, niko na Mwalimu Kassimu, mtu wa historia na hati za kale. Leo tunasema mirathi ya nyumba za zamani hapa Tanga. Nyumba iko Ngamiani, aliyeijenga kafa, watoto wake nao wamekufa, wajukuu wamejaa, na tangu mwanzo hakuna aliyekwenda mahakamani.

KASSIMU: Na uvunguni mwa kitanda pana sanduku. Ndani mna hati ya kununulia kiwanja, barua, daftari la nani kazaliwa na nani kafa. Vyote Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Wajukuu hawasomi, basi hulifunga tena sanduku na kuanza kugombana kwa kumbukumbu.

REHEMA: Watu wakisikia mirathi wanafikiri ni kazi ya wakili tu. Mirathi ya vizazi vitatu nusu yake ni historia, na hiyo nusu ikikosewa, sheria haiwezi kuiokoa.

KASSIMU: Na wazee wa hapa walilijua hilo. Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, kadhi, aliandika kitabu cha mirathi kwa Kiswahili, nacho kikachapwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Baba yake, Hemedi bin Abdallah, ndiye aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani. Baba anaandika historia, mwana anaandika sheria, nyumba moja. Sisi leo tumezitenganisha kazi hizi, na hasara yake naiona kwenye kesi.

REHEMA: Tuanze na mahali pa kwenda. Bara hatuna mahakama za makadhi tangu zilipofutwa miaka ya 1960. Mirathi ya Kiislamu au ya kimila inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Alikuwa akiishi Pangani na nyumba iko Tanga mjini? Nenda Pangani. Wengi hufungua pale mali ilipo, shauri likafika mbali, mwenzao akapinga, kila kitu kikafutwa.

KASSIMU: Na unakwenda na nini mkononi?

REHEMA: Cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Unajaza Fomu namba 1, mahakama inatangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha msimamizi anapewa Fomu namba 4, yaani ya kumteua. Kutoka siku hiyo ana miezi minne kupeleka Fomu namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni. Baadaye Fomu namba 6, hesabu ya kilichokusanywa na kilichogawanywa. Kosa ninalokutana nalo sana ni msimamizi kudhani Fomu namba 4 imemfanya mwenye nyumba. Anaiuza kabla hata orodha haijafika mahakamani! Msimamizi ni mtumishi wa warithi, na akichelewa miezi minne aombe aongezewe muda, asikae kimya.

KASSIMU: Fomu namba 5 sasa inatupeleka kwenye sanduku. Tafadhalini, msikimbilie kuweka karatasi ndani ya plastiki ya moto. Joto linaunguza wino na plastiki haitoki tena. Selotepu nayo huacha gundi ya kahawia inayokula maandishi. Hewa ya Tanga ina unyevu, basi kausheni karatasi kivulini, si juani, kisha kila moja ikae peke yake katika bahasha ya karatasi, bila pini. Piga picha kwa mwanga wa mchana kivulini, kamera ikiwa juu kabisa ya karatasi, mbele na nyuma. Nyuma ndiko mashahidi wengine walikoandika majina.

REHEMA: Na kusoma je?

KASSIMU: Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Maana maandishi haya yana mitego. Mwandishi wa zamani hakuwa na herufi ya "p", mara nyingi aliweka ba, yaani "b", na "mb" vilevile akaandika ba tupu. "O" na "u" zinaandikwa sawa. Basi jina Kombo utalikuta kaf, wau, ba, wau. Asiyeijua familia atasoma Kubu, na mahakamani kukazaliwa mtu wa tatu ambaye hajawahi kuishi. Usikisie. Andika mstari kwa mstari, na pasiposomeka sema hapasomeki.

REHEMA: Msomaji huyo ale kiapo kwa maandishi kwamba alichonukuu ndicho kilichomo, na awe tayari kuitwa kutoa ushahidi. Asiwe mrithi, wala shemeji wa mrithi. Halafu mahakama inataka hati yenyewe. Picha mnazipeleka kama msaada wa kusomea.

KASSIMU: Tuje kwenye tarehe, hapa ndipo panaponiuma. Daftari linasema mwaka 1347. Kijana anachukua tofauti ya leo kati ya Hijria, kalenda ya Kiislamu inayofuata mwezi, na Miladia, kalenda ya kawaida ya jua, miaka 578 au 579, anajumlisha, anapata 1925 au 1926. Si kweli. Miaka 100 ya mwezi ni kama 97 ya jua, kwa hiyo tofauti haibaki ileile. Zidisha 1347 kwa 0.97, ongeza 622, unapata 1928 na kitu. Hakika yake ni kati ya Juni 1928 na Juni 1929. Kwa siku kamili tumia jedwali, na kumbuka kuandama kwa mwezi kunaweza kupishana siku moja. Siku ya juma ikiwa imeandikwa, mimi huiamini kuliko tarehe.

REHEMA: Wapo watakaosema, mwaka mmoja miwili ina uzito gani? Ina uzito wa nyumba nzima. Mtoto aliyekufa kabla ya baba yake harithi, na kama ana kaka zake walio hai, wanawe nao hawamrithi babu. Lakini akifa baada ya baba, hata kwa saa moja, fungu lake limeshaingia, na linashuka kwa mjane na watoto wake.

KASSIMU: Basi chukua daftari lenye mistari miwili. "Amefariki mwanawe usiku wa Jumatatu." Chini yake: "Amefariki baba asubuhi ya Jumatatu." Msomaji wa leo anaona asubuhi inatangulia usiku, kwa hiyo baba kafa kwanza, wajukuu wana fungu. Lakini kwa mwandishi wa wakati ule siku inaanza magharibi. Usiku wa Jumatatu ni ule unaotangulia mchana wake, sisi tungeuita Jumapili usiku. Mwana ndiye aliyetangulia! Kabla ya kusema hivyo mahakamani, nafungua kurasa nyingine za mkono huohuo nione anaandikaje usiku wa Ijumaa. Akiwa ameandika kisomo cha usiku wa Ijumaa na tarehe zinakubali, nina ushahidi wa mazoea yake.

REHEMA: Na hapo wajukuu wanakosa. Inauma, na sitalificha. Njia zipo: warithi wanaweza kuwapa wenzao kwa hiari kutoka mafungu yao, iandikwe na itiwe sahihi mbele ya mahakama. Na kwa babu aliye hai anayetusikiliza, una wosia, usiozidi theluthi moja, kwa wale ambao hawatakurithi. Waandikie wajukuu hao sasa.

KASSIMU: Wapigie hesabu moja.

REHEMA: Haya. Mume kafa, kaacha mke, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Nyumba imethaminiwa milioni 96. Kabla ya kugawa, toa gharama za maziko, madeni, kisha wosia. Mahari ambayo mke hakulipwa ni deni, msiipitie juu. Tuseme vyote vimeshalipwa kwa fedha nyingine. Mke, kwa kuwa kuna watoto, thumni, yaani moja ya nane, milioni 12. Mama sudusi, yaani moja ya sita, milioni 16. Zimebaki 68, mafungu manne: wa kiume mawili, milioni 34, kila binti milioni 17. Jumlisheni wenyewe, zinatimia 96.

KASSIMU: Na mama akifa kabla nyumba haijauzwa?

REHEMA: Milioni 16 zake zinakuwa mirathi nyingine, yenye warithi wake wengine, wakiwemo watoto wake wote walio hai. Hamrudishi kwenye chungu cha kwanza. Vizazi vitatu visivyogawa ni hesabu tatu juu ya hesabu, kila moja kwa mpangilio wa vifo. Ndiyo maana simpi mtu hesabu kabla Mwalimu hajanipa nasaba yenye tarehe.

KASSIMU: Nasaba naichora kwenye karatasi moja kubwa, kila jina na chanzo chake pembeni: daftari, kaburi, cheti, au neno la mzee fulani. Vikigongana naviacha vyote viwili vionekane.

REHEMA: La mwisho, hati ikipokewa kuwa kielelezo, andika namba yake na uombe nakala iliyothibitishwa siku hiyohiyo. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30. Zikipita na hakuna aliyekata, peleka barua ya kuomba hati irudishwe, na iende kwa mtu mmoja aliyetajwa jina kwenye muhtasari wa ukoo.