Kiti cha mpiga ridhimu: Rush walivyorekodi Moving Pictures

Habari za jioni, na karibuni.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea kuhesabu magitaa: solo, ridhimu, besi, na bendi ikiwa na nafasi, second solo. Mpiga solo akipanda juu kuchombeza, ridhimu anabaki chini kashikilia wimbo usianguke. Sasa mwondoe ridhimu. Ondoa tarumbeta, ondoa na mpiga kinanda. Bakiza gitaa moja, besi moja na dramu, kisha mwambie mpiga besi ndiye aimbe.

Hicho ndicho kilichokuwa kikosi cha Rush, wa Toronto, Kanada: Geddy Lee kwenye besi na sauti, Alex Lifeson kwenye gitaa, Neil Peart kwenye dramu, ambaye pia ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi yao. Albamu yao ya Moving Pictures ilitoka tarehe 12 Februari 1981. Ina nyimbo 7, dakika 40 hivi. Ilishika namba 1 Kanada na namba 3 Marekani. Jioni hii nataka tuisikilize kwa swali moja tu: kile kiti kitupu cha ridhimu walikijazaje?

Kazi haikuanzia studio. Agosti 1980 walijifungia shambani huko Stony Lake, Ontario, wakatunga. Kabla ya kurekodi wakafanya ziara fupi, na nyimbo mbili za albamu, Tom Sawyer na Limelight, zikapigwa jukwaani wakati hakuna mnunuzi aliyewahi kuzisikia. Kwa watu watatu hili lina uzito. Bendi ya watu tisa ikiwa na tundu kwenye wimbo, kuna mtu atalifunika bila hata kujua. Watatu hawana pa kujificha. Tundu linasikika mpaka viti vya nyuma. Ndiyo maana Red Barchetta, wimbo wa zaidi ya dakika 6 wenye mageuzi kibao, uliweza kurekodiwa kwa mpigo mmoja.

Oktoba na Novemba walikuwa Le Studio, Morin-Heights, kaskazini ya Montreal, jengo lililokuwa kando ya ziwa. Mtayarishaji alikuwa Terry Brown pamoja na bendi yenyewe, na mhandisi wa sauti Paul Northfield.

Tuanze na gitaa. Wenye gitaa mapajani, shikeni kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F kali kwa bare, yaani kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi zote, kwenye freti ya 2. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba freti ni 2, 4, 4, 3, 2, 2. Sasa ondoeni bare kwenye nyuzi mbili nyembamba, ziacheni wazi: 2, 4, 4, 3, 0, 0. Pigeni. Mnasikia? Chini kuna kodi yenu ya kawaida, juu yake B na E zinalia zenyewe, zinaendelea hata kidole kikihama. Kodi hii ndiyo inayofungua albamu yao ya Hemispheres ya 1978, na tabia hiyohiyo ya nyuzi wazi inasikika kwenye Limelight. Mtu mmoja anasikika kama wawili: mmoja anabadilisha kodi, mwingine kashikilia noti. Lifeson aliongezea kifaa cha korasi, kile kinachofanya sauti moja itikisike kidogo kama zimepigwa mbili. Angalizo kwa wanaojaribu nyumbani: ukiweka disto (mkwaruzo wa makusudi) nyingi, hizo nyuzi wazi zitagombana na kodi na utapata kelele tupu. Punguza disto kuliko moyo unavyotaka.

Besi. Hapa ndipo bendi nyingi za watatu zinapoharibu. Mpiga besi anajiona peke yake kule chini, basi anafungua besi yote kwenye amplifaya. Uzi wa E wa besi uko kwenye 41 Hz, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, wa gitaa 82 Hz, na ngoma ya mguu nayo inapiga pale pale kati ya 60 na 100. Vitu vitatu mlango mmoja. Matokeo yake ni uji: kila kitu kina nguvu, hakuna kinachosikika. Geddy Lee alikwenda kinyume. Besi yake ni kali, ina meno katikati, unasikia uzi ukigonga freti. Kwa hiyo kile kiti cha ridhimu anakikalia yeye, kutokea chini. Sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka hiyo aliifanya kwa Rickenbacker 4001, lakini kwenye Tom Sawyer alitumia Fender Jazz aliyoinunua kwenye duka la rehani huko Kalamazoo, Michigan. Mkichanganya wenyewe, kateni gitaa chini ya 100 Hz, amueni nani mwenye sakafu kati ya besi na ngoma ya mguu, na yule mwingine mpeni nafasi juu, kuanzia 700 Hz hivi.

Dramu zina kisa cha kipaza sauti. Kipaza sauti cha kawaida kikisimama kwenye stendi kinapokea sauti mara mbili: moja kwa moja kutoka kwenye ngoma, na nyingine baada ya kugonga sakafu. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Njia ya pili ikizidi ya kwanza kwa sentimita 34, ile sauti ya 500 Hz inarudi kichwa chini miguu juu na kujifuta yenyewe. Hapo dramu zinakuwa nyembamba, na mhandisi anahangaika na vitufe visivyo na kosa. PZM ni kipaza sauti kilicholazwa kwenye bamba bapa, kwa hiyo sauti ya moja kwa moja na ile inayogonga bamba zinafika pamoja. Northfield na wenzake waliweka vipaza sauti vyao vya kawaida, halafu PZM moja wakambandika Peart kifuani kwa utepe wa gundi. Ikawa inasikia dramu kutoka pale anapozisikia mpigaji mwenyewe. Msikilizeni kwenye Tom Sawyer: mwendo ni kama mapigo 88 kwa dakika, na mkono mmoja unagonga haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) mara nne kwa kila pigo, yaani karibu mara 350 kwa dakika. Ule mkono ni ridhimu, tena bila gitaa.

Sasa wekeni kalamu chini, tupige makofi. Wimbo wa albamu hii uitwao YYZ umechukua herufi za uwanja wa ndege wa Toronto, na kituo cha kuongozea ndege huzitangaza kwa mlio wa Morse, alfabeti ya milio mirefu na mifupi. Y ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Z ni ndefu, ndefu, fupi, fupi. Morse halisi ina ndefu yenye urefu wa fupi tatu, na kimya kati ya herufi. Rush waliifanya ndefu iwe fupi mbili, na kimya wakakitupa. Hesabuni: Y ni 7, Y nyingine 7, Z ni 6. Jumla 20, na ukizifunga nne nne unapata mapigo 5. Mguu ugonge 5, mikono ifuate herufi. Wengi watateleza kwenye Y ya pili, kwa sababu inaanzia robo ya mwisho ya pigo la pili. Msisubiri, kimya ndicho kinachoharibu.

(Jaribuni nyumbani na viwanja vyetu. NBO inatoa 14, ukizifunga mbili mbili ni 7, yaani 7/8 safi kabisa, mwendo uleule wa sehemu ya kati ya Tom Sawyer. DAR inatoa 11. Ndugu zangu wa Dar, poleni.)

Angalieni pia kile wanachofanya na mdundo huo. Matoazi madogo ya kengele yanaanza peke yake, kisha gitaa, besi na dramu zinaushika wote kwa pamoja, juu ya C na F kali, noti mbili zisizopatana. Usipokuwa na mtu wa kujaza pengo, njia mojawapo ni watatu kuwa mtu mmoja. Kwenye orodha ya ala za Peart katika albamu hii kuna hata plywood, ndiyo, ubao. Sauti si lazima itoke dukani.

Sinthesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, nitaipitia haraka. Ule mngurumo wa mwanzo wa Tom Sawyer ni Oberheim OB-X, noti moja ya chini, na kinachotembea ni filta tu, kichujio cha sauti. Jukwaani Lee alikuwa na pedali za Moog Taurus za kukanyaga, miguu ikashika noti za chini mikono ikiwa imebanwa. Kwenye Witch Hunt walivunja kanuni yao ya watu watatu: dramu zimerekodiwa mara mbili, na Hugh Syme, mchoraji wa jalada lao, akaja kupiga vinanda. Vital Signs ilitungwa mwishoni, mlemle studio, juu ya mashine inayojirudia na gitaa la mchapo wa rege. Kwangu mimi huo ndio wimbo wenye ujasiri kuliko The Camera Eye na dakika zake karibu 11. Ule mrefu unafunga mlango wa miaka ya 70. Huu mfupi unaonyesha kiti cha ridhimu kikikabidhiwa mashine, na gitaa likipumua kwa mara ya kwanza.

Mashine za studio nazo ziliwatesa. Wakati wa kuchanganya vifaa viligoma kimoja baada ya kingine, wakachelewa siku tatu. Hata hivyo mpangilio wa santuri ni wa watu waliohesabu: nyimbo 4 upande wa kwanza, 3 upande wa pili, kila upande karibu dakika 20. Ukizidisha dakika, mifereji ya santuri inabanana, lazima sauti ipunguzwe, na cha kwanza kupotea ni ile besi tuliyoizungumza.

Tusikilize upande wa kwanza, kisha maswali. Naomba besi ya spika isiguswe.